Mwenye ng'ombe alikuwa ameonywa: namna ajali ya ndege inavyozuiwa kabla haijatokea

Katika Kutoka sura ya 21 kuna sheria ambayo wahubiri wengi huipita haraka. Ng'ombe akimuua mtu kwa pembe zake, ng'ombe huyo anapigwa mawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kushambulia watu, na mwenyewe alikuwa ameonywa lakini hakumfunga, hesabu inabadilika kabisa: mwenyewe naye anastahili kufa. Ng'ombe ni yule yule, na kifo ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua.

Ninaanza hapo kwa sababu kila ndege inapoanguka katika nchi yetu, kwenye matanga tunasikia maneno ya aina mbili. Wengine wanasema ni mpango wa Mungu. Wengine wanasema rubani alikosea. Maneno yote mawili yanafunga mazungumzo, na baada ya siku chache watu wanarudi kazini kama kawaida. Wale wanaofanya kazi ya ndege duniani wamejifunza, kwa vifo vingi, kuuliza swali la Kutoka 21: nani alijua, na alifanya nini na kile alichojua? Tena wamejifunza kuliuliza kabla ya ajali. Kazi hiyo, ikipangwa vizuri ndani ya kampuni, ndiyo inaitwa mfumo wa kusimamia usalama.

Neno usalama linaweza kutupoteza. Katika mikoa yetu ya mashariki, mtu akisikia "usalama" anafikiri juu ya askari, bunduki na vizuizi vya barabarani. Hapa hatuzungumzi juu ya mtu mwenye nia mbaya. Tunazungumza juu ya bolti iliyolegea, gunia ambalo halikupimwa, wingu juu ya mlima, na mfanyakazi aliyeona jambo akaogopa kusema.

Tukumbuke kwanza wafu wetu. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilishindwa kupaa katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa, ikapita mwisho wa pisti na kuingia katika soko la Simbazikita. Walikufa zaidi ya watu 200, karibu wote wakiwa watu wa sokoni. Tarehe 15 Aprili 2008, hapa Goma, ndege aina ya DC-9 haikufaulu kupaa, ikavuka mwisho wa pisti na kuingia Birere. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Tarehe 24 Novemba 2019, tena Goma, Dornier 228 iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kuruka. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba jambo hili ni la matajiri wanaonunua tikiti. Waliokufa Simbazikita na Birere, wengi hawakuwa na tikiti mkononi.

Ajali ya Birere ilikuwa na sababu zaidi ya moja, na si kazi yangu kumhukumu mtu hapa. Lakini jambo moja kila mkaaji wa Goma alilijua. Mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya pisti, na miaka sita baadaye ndege kubwa zilikuwa bado zinaruka kutoka kwenye ile sehemu iliyobaki, huku nyumba na meza za wauzaji zikiwa mbele yake. Ng'ombe alikuwa anajulikana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua unatoka mbali, Marekani. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya kampuni ya TWA ilikuwa inakaribia kutua karibu na Washington katika hali mbaya ya hewa. Mwongozaji wa ndege aliwapa ruhusa ya kukaribia uwanja. Marubani walielewa kwamba wanaweza kushuka mara moja hadi futi 1,800. Mwongozaji hakuwa na maana hiyo. Ndege ikagonga mlima katika jimbo la Virginia, na watu wote 92 wakafa.

Uchungu wa habari hii ni huu: wiki sita kabla ya hapo, marubani wa kampuni nyingine, United, walikuwa wameelewa vibaya vile vile, mahali pale pale, na wakaponea chupuchupu. Waliporudi walisema. Kampuni yao ikawaonya marubani wake wenyewe. Onyo likabaki ndani ya nyumba moja. Jirani hakuambiwa, naye akapita njia ile ile.

Baada ya hapo Wamarekani walianzisha, mwaka 1976, huduma ambayo rubani, fundi au mwongozaji yeyote anaweza kuiandikia na kueleza kosa au hatari aliyoona. Barua hazipokelewi na polisi wa anga, yaani ofisi inayotoa adhabu. Zinapokelewa na NASA, shirika la anga za juu, ambalo halina mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni. Wanaondoa jina la aliyeandika, kisha wanawajulisha wote wanaohusika na hatari hiyo. Tangu wakati huo wamepokea zaidi ya barua milioni moja. Fikiri juu ya hesabu hiyo: zaidi ya mara milioni moja mtu amesema "nimeona ng'ombe mkali," na hakupigwa kwa sababu ya kusema.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo sisi tunaliita OACI, lilikusanya mafunzo ya aina hii likayaweka katika kitabu kimoja cha kanuni, Kiambatisho cha 19, kilichoanza kutumika Novemba 2013. Nchi yetu ni mwanachama. Kanuni hizo zinadai mambo ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimamia shule au hospitali ya kanisa atayaelewa bila shida.

Kwanza kabisa zinadai kwamba kila kampuni iwe na mkubwa mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka juu ya pesa, ambaye atajibu juu ya usalama. Hawezi kumtuma mtu mdogo ajibu kwa niaba yake. Huyu ndiye mwenye ng'ombe. Bila yeye, fundi anaomba tairi jipya, mhasibu anasema hakuna pesa, rubani anaambiwa aruke tu, na siku ya ajali kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake.

Kisha zinadai kutafuta hatari na kuipima. Tuchukue pisti ya majani kijijini, ambako ng'ombe huvuka wakienda mtoni. Wanaopima wanauliza maswali mawili: jambo hili linaweza kutokea mara ngapi, na likitokea litaleta madhara gani? Ng'ombe wanavuka kila siku, na ndege ikigonga mmoja wakati wa kutua watu wanaweza kufa. Hatari kama hiyo haikubaliki. Kwa hiyo wanajenga uzio, au wanamlipa mlinzi, au rubani anapita juu mara moja akiangalia kabla ya kutua, au yote matatu. Hawaondoi hatari yote. Wanaishusha hadi mahali ambapo mtu mwenye akili anaweza kuikubali na kutia sahihi.

Halafu inakuja sehemu ambayo kwetu hufa mapema: kuhakikisha kwamba kile kilichoamuliwa bado kinafanyika. Mlinzi alilipwa mwezi wa kwanza. Je, mwezi wa nane bado analipwa? Uzio bado umesimama, au watu wamechukua miti wakapikia? Kuna kampuni duniani, si kwetu tu, ambazo zina kitabu kinene cha usalama chenye mihuri mizuri, kimefungiwa katika kabati la mkurugenzi. Mkaguzi akija kinatolewa, akiondoka kinarudishwa. Jambo la mwisho ni kuwafundisha wafanyakazi wote, hata yule anayebeba masanduku, wajue nini cha kutazama na nani wa kumwambia.

Kwa nini mambo mengi hivyo? Profesa Mwingereza aitwaye James Reason, aliyechunguza namna wanadamu wanavyokosea, alitumia mfano wa vipande vya jibini. Jibini yetu ya Masisi haitasaidia hapa, haina matundu. Fikiri juu ya ile ya Uswisi yenye matundu makubwa. Kila ulinzi ni kipande kimoja: fundi, rubani, mizani, mlinzi wa pisti, mkaguzi wa serikali. Hakuna kipande kisicho na tundu, kwa kuwa hakuna mwanadamu asiyechoka au kusahau. Ukivipanga vipande vitano, tundu la kimoja linafunikwa na kingine. Ajali inapita siku ile matundu yote yanapokaa mstari mmoja. Ndiyo maana kusema "rubani alikosea" hakutoshi. Rubani ni kipande cha mwisho, naye ndiye tunayemwona. Vile vinne vya mbele vilikuwa na matundu tangu lini?

Kipande cha mkaguzi wa serikali kinastahili neno moja. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya una orodha ya kampuni zilizokatazwa kuruka kwake, na kampuni za Kongo zimo. Wengine wanaona ni dharau. Lakini orodha ile haisemi kwamba kila rubani Mkongomani hajui kazi. Wapo wanaojua sana. Inasema kwamba serikali haijaonyesha kuwa inaweza kuzikagua kampuni zake kama inavyotakiwa. Ni tundu katika kipande kile, na vipande vingine vinabeba mzigo wake kila siku.

Sasa tuje kwetu sisi watu wa kanisa, maana tunasafiri kwa ndege ndogo kuliko watu wengi. Barabara zimekufa, nyingine hazipitiki kwa sababu ya vita. Wajumbe wa sinodi, dawa za hospitali, vitabu vya shule ya Biblia, wagonjwa wa kufanyiwa operesheni, vyote vinapita angani. Tusijidhani kuwa abiria tu: sisi ni kipande kimoja cha jibini, nasi tuna matundu.

Tundu la kwanza ni kilo. Ndege ndogo za huduma, kama zile za MAF zinazofanya kazi kutoka Bunia, hupima kila kitu: sanduku, gunia, na mtu mwenyewe. Mama anaambiwa apande juu ya mizani mbele ya watu, anaona haya. Baba anakasirika. Wengine wanavaa makoti matatu na kujaza mifuko vitu vizito baada ya mizigo kupimwa. Lakini Cessna Caravan, ikianza kuruka, haipaswi kuzidi kilo 3,969, na katika hesabu hiyo zimo ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo. Cessna 206 mwisho wake ni kilo 1,633. Wajumbe 9 wakificha kilo 10 kila mmoja, ni kilo 90: abiria mzima ambaye hakuandikwa popote. Tena Bunia iko juu ya mita 1,200, na Goma juu ya mita 1,500. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na jua la saa saba linaifanya iwe nyepesi zaidi, hivyo mabawa yanainua kidogo kuliko yanavyoinua huko Matadi. Rubani anayetaka kuondoka asubuhi na mapema hana haraka ya kwenda kula.

Mahali mzigo unapokaa pia ni jambo. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka Bandundu ikikaribia kutua, wakafa 20 kati ya watu 21. Yule mmoja aliyepona alisimulia kwamba mamba aliyefichwa katika mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele wote kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani. Watu wengi wamecheka waliposikia habari hiyo. Waliokuwa ndani hawakucheka, na mfuko ule ulipita mbele ya mtu ambaye angeweza kuuliza una nini ndani.

Tundu la pili ni ukubwa. Mchungaji mkuu ana mjumbe mmoja wa ziada, ndege imejaa, naye anamwendea rubani: "Ongeza huyu mmoja tu, mwanangu, Mungu atatulinda, ni kazi yake." Shetani naye alitaja ulinzi wa malaika, pale juu ya ukingo wa hekalu, na Bwana Yesu alikataa kuruka. Rubani kijana anayeheshimu wazee anawekwa mahali pagumu sana na maneno hayo. Mfumo mzuri unamsaidia kwa kuwa neno "hapana" si lake. Ni la kampuni, lilitiwa sahihi zamani, na hakuna atakayemwadhibu kwa kulisema.

Ukubwa unaua hata ndani ya chumba cha marubani. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana juu ya pisti katika ukungu, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa ndege ya Kiholanzi alikuwa mwalimu wa marubani wengine, mtu wa heshima kubwa. Alipokuwa ameanza kukimbiza ndege, fundi wake aliuliza kama ile ndege ya Wamarekani imekwisha kutoka kwenye pisti. Mkubwa akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Fundi hakusema tena. Tangu siku zile, marubani wanafundishwa kwamba mdogo analazimika kurudia onyo lake, na mkubwa analazimika kulisikia. Ningependa kuona halmashauri zetu za kanisa zikifundishwa somo hilo moja.

Hilo haliwezekani mahali ambapo kila anayekiri anafukuzwa. Watu wa ndege wanatofautisha. Fundi aliyesahau kukaza kitu kwa uchovu, akakumbuka usiku, akapiga simu ndege isimamishwe, huyo anashukuriwa, kisha wanauliza kwa nini alifanya kazi saa nyingi hivyo. Fundi aliyetia sahihi kazi ambayo hakuifanya, huyo anaadhibiwa. Ukiwachapa wote wawili fimbo moja, wa kwanza atajifunza kunyamaza, na wewe hutajua chochote mpaka siku ya jeneza.

Jambo gumu kuliko yote ni mgonjwa. Mama mjamzito anavuja damu kijijini, hospitali iko umbali wa dakika 40 kwa ndege, mawingu yameshuka. Rubani akienda, watu wanne wanaweza kufa. Asipokwenda, mama anaweza kufa, na jamaa yake hawatasahau. Hakuna mfumo unaoondoa uchungu huo, na sitaki kuupamba. Kinachofanyika ni kwamba mipaka inawekwa siku ambayo hakuna anayelia: mawingu yakiwa chini ya kiasi fulani, haturuki, awe mgonjwa ni nani. Katika nchi nyingine, huduma za ndege za wagonjwa humficha rubani kabisa habari za mgonjwa. Anaulizwa tu: unaweza kufika mahali fulani, ndiyo au hapana? Akisema hapana, hapo ndipo daktari anatafuta njia nyingine, pikipiki, mtumbwi, machela, bila kupoteza saa moja kumbembeleza.

Ndiyo sababu yule anayejibu redio au simu asubuhi kwenye pisti ya kijiji ana kazi nzito kuliko anavyofikiri. Mara nyingi ni mwinjilisti, mwalimu au muuguzi. Anaulizwa hali ya hewa, naye anataka sana ndege ije, basi anasema "kuzuri" hata kama kilima hakionekani. Afundishwe kuchagua alama zake mapema: kilima kile kiko kilomita fulani, mti ule uko mwisho wa pisti. Akiulizwa aseme tu anachokiona: kilima kinaonekana au hakionekani, mvua ilinyesha usiku au haikunyesha, maji yamesimama kwenye pisti au hayakusimama, ng'ombe wako wapi. Na mchungaji wake asimame karibu naye siku ile atakaposema kilima hakionekani, na ndege ikabaki Bunia.